Mwenzetu tulishamzika, lakini akaunti yake ya ofisi ilikuwa inafunguliwa kila asubuhi

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Nilichobadilisha ni majina tu.

Nafanya IT kwenye kampuni ndogo ya clearing and forwarding, yaani kuvusha mizigo ya wateja mpakani, hapa Tunduma. Tupo watu tisa. Nikisema IT msidhani nina ofisi yenye kiyoyozi. Wa printa ni mimi, wa kamera ni mimi, wa kumwonyesha bosi namna ya kutuma PDF ni mimi.

Mwaka huu bosi akaniambia, "Boresha usalama wa mifumo yetu, ila hela ya kununua vitu hakuna."

Nikaona nianze na vya bure. Nikafungua ukurasa wa admin kuangalia nani anaingia kwenye email na chat za ofisi, saa ngapi, kwa kifaa gani.

Nikakuta jina la Simbeye. Ameingia leo, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, kwa simu.

Wakuu, Simbeye tulimzika miezi minne nyuma, kwao Msangano. Jeneza nililishika kwa mikono hii.

Nikarudi nyuma: jana yupo, juzi yupo, karibu kila siku, muda uleule.

Mle ndani kuna nyaraka za mizigo ya wateja wa Zambia. Namba za malori, kilichobebwa, siku ya kuvuka. Zikifika kwa mtu mbaya, lori linasubiriwa njiani na majambazi.

Bosi aliangalia, akauliza kitu kimoja tu. "Password ya Simbeye anayo nani?"

Nikajibu, "Neema."

Neema ndiye aliyekalia meza ya marehemu, akimalizia kazi zake. Password nilimpa mimi. Na kuifunga akaunti ilikuwa kazi yangu. Hayo mawili sikuyasema.

Neema akasimamishwa mchana uleule. Akaniambia mlangoni, "Kaka, mimi kwa simu sijawahi kuifungua." Nikaangalia chini.

Baadaye ndipo nikafanya nilichotakiwa kuanza nacho: kuangalia ni simu gani. Ilikuwa ya Simbeye mwenyewe, ile niliyomsaidia kuiseti.

Kesho yake nikaenda Msangano. Mjane wake, Mama Ester, alinipokea vizuri. Nilipoulizia simu akaitoa, haina hata lock.

"Shemeji, kwani nimekosea?"

"Hapana. Huwa unafungua nini asubuhi?"

Akabonyeza kwenye chat ya ofisi. Sauti ya Simbeye ikatoka, anamwelekeza dereva foleni ya kuvukia, anacheka katikati.

"Namsikiliza kabla sijaenda shamba," akasema. "Ila mdogo wake anataka tuiuze mnadani Jumamosi."

Siri zote za wateja wetu zilikuwa zinakwenda mnadani, na aliyekuwa anazishika hakuwa anazitaka hata moja. Alikuwa anamtaka mumewe.

Nikanakili zile sauti zote kwenye memory card, nikamwekea kwenye simu yake ya batani, tukajaribu mpaka ikacheza. Ndipo nikafunga akaunti, nimeketi mbele yake.

Nikarudi nikamweleza bosi kila kitu, na yangu mawili niliyoficha. Neema akarudishwa, nikamwomba radhi mbele ya wote. Alisema yameisha. Lakini kompyuta yake ikigoma siku hizi anamwita fundi wa duka la jirani, mimi nikiwa nimekaa palepale.

Tulichobadilisha hakikutugharimu. Kila mtu ana password yake na hampi mwenzake, kuingia kwenye email kunathibitishwa pia kwa simu ya mwenyewe, na kuna karatasi ukutani: mtu akiondoka, akaunti zake zinafungwa siku hiyohiyo.

Nilichojifunza ni kwamba kifaa kinasema ukweli ukikiuliza mapema. Mimi nilitaja mtu kwanza.

Kwako wewe, mfanyakazi akiacha kazi au akifariki, nani anafunga akaunti zake? Kaangalie, halafu njoo utuambie umekuta jina la nani.