Utupa wa Nyuma ya Bohari

Tangu ndugu yangu afe, mama alikuwa na swali moja tu, na aliniuliza kila aliponipigia simu: "Alikuwaje?"

Hakuuliza alikufa vipi. Hilo alikwishalipata kwa wengine: kwamba mdogo wangu alirudi kutoka kazini mchana, akajilaza katika chumba chetu cha Rashidiya, na nilipomwamsha kwa sala ya Alasiri hakuamka. Mama alitaka jambo jingine. Kwetu Mombasa maiti huoshwa na watu wake, na Dubai yeye hakuwa na mtu ila mimi. Kwa hiyo mtu wa mwisho kumwona mwanawe mwili mzima, toka utosini hadi vidoleni, nilikuwa mimi. Alitaka nimwambie nilichokiona.

"Alikuwa sawa, mama."

"Sawa vipi?"

"Sawa tu. Alikuwa ametulia."

Hapo huniuliza kama nimekula.

Sikuwa namficha kitu. Sikukumbuka, basi. Nakumbuka maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nakumbuka harufu ya kafuri, na mzee wa Kipakistani mwenye kazi yake pale akinielekeza kwa mkono: huku, sasa huku. Lakini ndugu yangu mwenyewe hamo katika kumbukumbu hiyo. Nilikuwa kama mtu aliyefua shuka. Wala sikulia. Matanga walikaa wao Mombasa. Mimi baada ya mazishi nilirudi kazini, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda.

Kazi yangu ni bohari la spea za magari, Ras Al Khor. Napokea makasha, napanga, natoa. Baada ya msiba nilifanya kazi vizuri kuliko zamani, maana mtu asiyewaza chochote hakosei. Sir, bosi wetu, alinisifu mbele ya wenzangu, akasema mimi ni mtu wa nguvu, wengine waige. Nilitamani kumwambia kwamba hiyo si nguvu, ni ganzi, lakini hata hamu ya kubishana sikuwa nayo.

Chakula nikawa nakula nje, nyuma ya bohari, juu ya kreti lililogeuzwa. Ndani walinitazama kwa huruma, na kuhurumiwa wakati huna unachohisi ni kama kulazimishwa wali nawe umeshiba. Nyuma kule hakuna kitu: ukuta, mchanga wenye mafuta, mabamba ya breki yaliyoliwa, na mabomba ya viyoyozi yanayodondosha maji mchana kutwa. Yalipodondoka maji hayo ndipo ulipoota mmea.

Ulifika gotini. Shina lake chini lilikuwa gumu kama kijiti, juu laini, na wote kwa jumla ulikuwa na rangi ya kijivu, hata nikadhani ni vumbi. Nililifuta jani kwa kidole. Halikuwa vumbi. Zilikuwa nywele, fupi mno, zimelala upande mmoja. Mfukoni nilikuwa na kile kioo kidogo cha kukuzia ninachosomea namba zilizochongwa kwenye beringi, nikakitoa. Sijui kwa nini. Nafikiri ni kwa sababu mmea ule haukunitaka niseme chochote.

Basi ikawa ndiyo mazoea yangu. Nakula, nanawa, nachukua kioo. Mimi si mtu wa mimea. Nimesomea spea, na niliutazama kama ninavyotazama kifaa kilichofunguliwa mezani. Jani moja kumbe si moja: ni kikonyo chenye vijani viwili viwili vinavyotazamana, na kimoja cha peke yake kwenye ncha. Kila kijani ni chembamba kwenye kikonyo na kipana mbele, na mishipa yake imepangwa sambamba, yote imeelekea ukingoni. Ukikivuta ncha hakipasuki ovyo. Kinakatika kwa pembe mbili, sehemu moja inabaki na mkia, nyingine inabaki na pengo, kama mshale na mahali ulipochomolewa. Nilivikata vingi kuhakikisha. Jua likipanda, vijani vinajikunja katikati kama kitabu kinachofungwa.

Maua yake ni ya zambarau iliyopauka, madogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, yamepangwa juu ya kijiti kimoja. Nilifungua ua moja kwa ncha ya bisibisi. Lina jani moja kubwa limesimama nyuma, mawili ya pembeni kama mabawa, na mawili ya chini yaliyoshikana yakawa kama mtumbwi. Ndani ya mtumbwi huo kuna nyuzi kumi za unga: tisa zimeungana zikafanya mfereji, ya kumi iko kando. Na katikati ya mfereji, kitu cha kijani chembamba kama uzi. Hicho ndicho kitakachokuwa ganda. Maganda yaliyokomaa yalikuwa bapa, yamepinda kidogo kwenye ncha, na ndani mbegu zimelala kwa foleni kama kunde za wanasesere.

Siku moja fundi mmoja mteja wetu alinikuta nimepiga magoti. Watu wake walitoka Unguja zamani, yeye kazaliwa hapa hapa, na Kiswahili chake ni cha bibi yake kilichochovywa Kiarabu. Ana mdomo.

"Yakhe, wazungumza na majani?"

"Nayatazama."

"Haya. Hiyo wenyewe waita dhafra. Milimani iko tele. Mbuzi akiiona apita mbali." Akachuchumaa kando yangu, kisha akasema kwa sauti nyingine, "Na ndugu yako, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sikupata kukupa pole."

Nikasema amina. Nikarudisha kioo jichoni, naye akaenda zake na filta yake.

Mama naye alikuwa amechoka kungoja. Siku moja alipouliza na nikamjibu vilevile, aliguna. "Basi kama huwezi kunambia, mwekee kijani." Kwetu kaburi halikai tupu. Huwekwa tawi bichi, au hupandwa kitu, kwa sababu mmea maadamu ni mbichi unamsabihi na kumtukuza Mola wake, na aliyelala chini yake hupata nafuu. Nilinunua mrehani sokoni Deira, nikaupanda kichwani mwake siku ya Ijumaa. Ijumaa iliyofuata ulikuwa umekauka hata kunukia haunukii. Nikapeleka mwingine, ukawa vilevile. Kaburi la mdogo wangu ni mchanga na jiwe tu, katika safu ya mchanga na mawe mengine, na hapana mtu wa kumwagia maji.

Ndipo nikaukumbuka mmea wangu. Kandokando yake ilikuwa imeota mingine; nilitafuta ulio mdogo, mbali na bomba, nikaanza kuchimba. Mzizi ulikuwa mmoja, mnene, umeshuka moja kwa moja. Nilichimba hadi kiwiko na bado unakwenda. Nikakosa subira, nikauvuta, ukakatika. Kwenye vijizizi vya pembeni palikuwa na vifundo vya rangi ya waridi kama shanga. Niliupanda hivyo hivyo kaburini, na ulikufa upesi kuliko mrehani.

Sikuhuzunika. Nilichukia, na ilikuwa ajabu kwangu kuchukia, maana kitambo sikuwa nimehisi chochote. Nikarudi, nikachuma maganda makavu nikayaweka kwenye kifuniko cha boksi juani. Baada ya chakula yakaanza kupasuka yenyewe, tak, tak, kila pande likijisokota na kurusha mbegu mpaka kwenye viatu vyangu. Mbegu ni ngumu kama kokoto. Nilizikwaruza kwa msasa, nikazilowesha katika maji ya moto ya chai, na mvua ya kwanza ya msimu wa baridi iliponyesha nilizifukia kaburini. Mlinzi wa makaburini alinitazama. "Yalla, khalas?" akauliza, yaani haya, tumemaliza? Nikasema khalas.

Zikaota. Si zote, lakini zikaota, na kila Ijumaa nilikwenda kuzitazama kwa kioo changu. Nilimwambia mama kwamba kaburi lina kijani. Alisema anakuja.

Alikuja na visa ya kutembelea, na kanga zake mbili begani, na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Hakuwa amenambia kwamba macho yamefika pale. Uwanja wa ndege alinitambua kwa kunishika uso. Fundi wa Kiunguja ndiye aliyetupeleka makaburini kwa gari lake, na siku hiyo mdomo wake ulikuwa umetulia. Alituteremshia vioo akaenda kusimama kivulini.

Mama hakuteremka. Wanawake wa kwetu hawaingii makaburini, na hakuwa na nia ya kuanzia Dubai. Alisoma Yasini garini, taratibu, kwa moyo. Alipomaliza alisema, "Nenda umsalimie, kisha uniletee jani moja nilishike."

"Mama, si wewe uliyetufunza? Kijani cha kaburini hakichumwi."

Alifikiri. "Kweli. Kiache kisabihi." Nikampa simu yenye picha, akaisukuma. "Hiyo mimi naona moshi tu. Nenda, kiangalie, uje uniambie."

Nikaenda. Mmea mmoja ulikuwa umepata ua lake la kwanza. Nilikaa nao kidogo, nikarudi garini, nikaketi kando ya mama kiti cha nyuma, nikamwambia. Nilimwambia kikonyo, na vijani viwili viwili na kile cha peke yake. Nilimwambia mishipa inavyokwenda na jani linavyokatika. Alikuwa amefumba macho, midomo wazi kidogo, ananisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya mbali. Nikamwambia nywele za jani, namna zilivyolala upande mmoja, hata ukipitisha kidole kinyume zinakataa. Nikamwambia ua na mtumbwi wake, na ganda, na mbegu zinavyoruka.

"Linakatika kama mshale?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na ganda bapa, limepinda?"

"Ndiyo, mama."

"Huo ni utupa!" Akafumbua macho. "Utupa, ama ndugu yake. Babako akiusaga akiutia mtoni, samaki wanalewa wanaelea. Wewe mtoto, umemwotesha mwenzio sumu ya samaki!" Akacheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na mimi nikajikuta nacheka, na fundi kule kivulini akageuka kututazama.

Kisha akaacha kucheka. Akaushika mkono wangu, akautia katikati ya mikono yake.

"Jani tu, umeona hata nywele zimelala wapi," akasema. "Mwanangu hukumwona?"

Nilitaka kusema tena alikuwa sawa, nikaliacha neno hilo. Nikafumba macho kama alivyofumba yeye, na nikajaribu kumtazama ndugu yangu vile nilivyozoea kutazama nyuma ya bohari, bila haraka, sehemu baada ya sehemu, bila kutaka lolote. Maji yale ya uvuguvugu yakaja. Mkono wa mzee ukaja, ukinielekeza huku. Na huku palikuwa na mguu.

"Alikuwa na ukucha mweusi," nikasema.

"Wa wapi?"

"Kidole gumba. Mguu wa kulia. Aliangukiwa na kasha la breki."

"Hakunambia."

"Alikataa nikuambie. Alisema utakosa usingizi."

Nilikuwa nalia sasa, bila kujificha, pua inanitiririka, na mama hakunibembeleza wala hakuniachia mkono. Alinisogelea zaidi, sikio lake karibu na mdomo wangu, asikose neno.

"Ulikuwa umekufa, huo ukucha?"

"Umekufa, mama. Umeachana na kidole, umeshika upande mmoja. Lakini chini yake ulikuwa unaota mwingine. Mwembamba, laini. Ulikuwa umefika nusu."

"Nusu," akasema mama.

"Nusu."

Akavuta pumzi, akaiachia. "Haya," akasema. "Panda juu. Niambie magoti yake."