Usikalie Laifu Jaketi

Leo nimemfokea mjukuu wangu mbele ya wageni. Someni kwanza, halafu mniambie kama nilikosea.

Yeye na wageni hao, marafiki zake, walikuwa hapa kwangu Gatongora wakipakia mishipi na ndoano. Kesho wanaenda kuvua baharini, Kilifi.

Nikamwona amekalia laifu jaketi kwa pickup kama mto.

"Toka hapo!"

"Guka, si ni jaketi tu?" Guka ndiyo mimi, babu yake.

Jaketi tu! Hata mimi nilisema hivyo, miaka ya hamsini.

Nilikuwa dereva wa tajiri mmoja Kalasinga, mwenye duka la vyuma Thika. Tukaenda naye kuvua Mtwapa. Kiti changu cha lori kilikuwa kimetokeza springi, basi nikakalia jaketi yangu mpaka pwani.

Jaketi za siku hizo zilijazwa sufi, ile pamba ya mti wa msufi.

Mashua ikapinduka karibu na mikoko. Tajiri akaelea. Mimi, mtu wa kuvuka mto Ruiru maji yakiwa ya magoti, nikashuka chini na jaketi nimevaa! Sufi ilikuwa imelala bapa kwa kukaliwa, ikanywa maji.

Tajiri akashika mkoko kwa mkono mmoja. Kwa ule mwingine akafungua kilemba chake, ambacho hakuna mfanyakazi aliyewahi kumwona amekivua, akanirushia ncha, akanivuta.

Mjukuu alisikia yote. Akafunga tofali moja kwa ile jaketi aliyoikalia, akaitumbukiza kwa tangi la maji. Jaketi nzima ingeelea hata na tofali.

Tukainama sote kutazama.

Mpaka saa hii ninavyoandika, haijarudi juu.