Kiti cha Meza ya Mabondo

Getruda aliteleza mchana kweupe, sinia la minofu mikononi, kwenye sakafu iliyojaa maji kwa sababu mtaro ulikuwa umeziba na kila mtu kiwandani alishausemea mpaka akachoka. Mguu wa kulia ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Sasa hapo nani mzembe? Msimamizi wao, Nathaniel, akasema mzembe ni Getruda, kwa nini hakutazama anapokanyaga. Jamani!

Mwanamke huyu wa Sengerema, aliyepanga chumba Nyegezi na kulea wanawe peke yake, alikuwa amekata minofu ya sangara tangu usichana wake. Alifungwa hogo la plasta mguuni, akakaa nyumbani, hogo likatolewa. Daktari akamwonya: "Rudi kazini mama, lakini kazi ya kukaa. Ukisimama kutwa mfupa huo hautaunga vizuri, utachechemea maisha yako yote."

Na kazi ya kukaa ilikuwepo, msidhani haikuwepo. Ni meza ya mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, ambavyo husafishwa damu na utando, mtu kajikalia kitini. Enzi za msimamizi wa zamani, Mama Sihaba, kiti kile hakikuwa na ubishi. Mjamzito, aliyejikata, anayetoka kuugua, wote aliwaambia, "Pita kule mwanangu, ukae." Hakungoja kuombwa. Alipostaafu akaja Nathaniel, na kwa kuwa bondo lina bei kuliko mnofu, akasema kiti kile ni cha watu anaowaamini. Akamkalisha Winnie, mdogo wa mkewe, binti asiyeumwa hata ukucha.

"Bosi, daktari kasema nikae," Getruda alimwambia.

"Mama, hapa ni kiwandani, siyo wodini. Kama hujapona nenda kapumzike. Vibarua wamejaa getini."

Kapumzike! Neno tamu hilo, kumbe maana yake usirudi tena. Getruda akasimama mezani na kisu chake. Siku ya pili mguu ukavimba hadi kuvua gambuti ikawa shughuli ya watu wawili. Wenzake wakamsogezea kreti tupu ajishikize kidogo. Nathaniel akaja, akalipiga teke. "Kreti hili ni la samaki!" Loo! Cheo ni dhamana, tulifundishwa wote, lakini mwingine akipewa koti la usimamizi basi kasahau hata aliyemzaa.

Alhamisi ikatangazwa kwamba siku hiyo hiyo wanunuzi wa samaki wanatuma wakaguzi kuona wafanyakazi wanatunzwaje. Asubuhi hiyo Nathaniel aligeuka asali. Akamtoa Winnie, akampeleka kukata minofu, kisha akamshika Getruda mkono kama mtu anayempeleka bibi yake kanisani.

"Kaa hapa mama yangu. Wakikuuliza, sema unaendelea vizuri."

Getruda akakaa. Mguu ulishukuru, moyo ukachemka. Akisema kweli, kesho huenda yuko nje ya geti. Akinyamaza, kesho atasimama tena, na mguu ndio huo unakwenda. Akachukua bondo la kwanza, akaanza kulikwangua damu.

Wakaguzi wakafika na meneja. Mmoja wao, mama wa makamo, akainama. "Pole na mguu, dada. Wanakutunza?"

"Sana!" Nathaniel akadakia. "Mnaona wenyewe, tumempa kazi nyepesi."

"Hajaulizwa yeye," Getruda akasema, machozi ya hasira yakimtoka. "Kiti hiki nimepewa leo asubuhi kwa ajili yenu. Mkipanda gari, naondolewa. Njooni kesho bila kusema mnakuja, mtanikuta nimesimama pale kwenye maji ya barafu."

Meneja akakohoa, akasema jambo hilo atalifuatilia. Lini, hakusema. Wakaendelea na ziara yao, wakaaga.

Gari halijatoka getini, Nathaniel huyo, macho mekundu. "Inuka! Umenidhalilisha vya kutosha. Winnie, rudi mahali pako."

Winnie alikuwa amesimama tangu asubuhi katika nafasi ya Getruda, akipumzisha mguu huu, kisha ule. Alimtazama shemeji yake, kisu kikiwa bado mkononi.

"Shemeji, sikai. Mimi miguu yangu mizima."

"Nimesema rudi!"

"Basi kaa wewe. Mwinue mama wa watu mwenye mguu uliovunjika, ukae wewe, sote tukuone."

Wanawake wa meza ya minofu wakaacha kukata. Nathaniel alishika mgongo wa kiti, akawatazama wanawake wale mmoja mmoja, na hakukivuta. Getruda hakugeuka. Akachukua bondo lingine, akaanza kulisafisha.