Osu ya Sensei

Mtu ambaye hajawahi kuvaa gi, yale mavazi meupe ya karate, hawezi kujua ni mambo mangapi sisi huyasema kwa neno moja. Ukiingia ukumbini unasema osu. Ukiitwa, osu. Ukipigwa teke la mbavu pumzi ikakatika, kisha ukaulizwa kama unaendelea, unasema osu, ingawa moyoni unasema mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwalimu wetu mkuu, ambaye sote tulimwita Sensei hata tulipomkuta sokoni akichagua nyanya, alikuwa na osu za kila aina, fupi na ndefu, na mimi nilijivunia kwamba nazijua zote. Hapo ndipo nilipokosea.

Mimi nauza nafaka Kariobangi: maharagwe, ndengu, njugu, mahindi ya kupikia githeri. Naishi Tassia, ghorofa ya sita, na lifti yetu ni miguu ya mtu. Karate niliianza mwaka mmoja baada ya mume wangu kuondoka, na sipendi watu waseme kwamba mambo hayo mawili yanahusiana, ingawa yanahusiana. Siku niliyojiunga, katika ukumbi wa jamii ulio karibu na soko, alijiunga pia fundi mmoja wa kuchomelea mageti, kijana wa umri wangu, mcheshi, mwenye alama za cheche mikononi. Kwa miaka kumi na saba tulipanda mikanda pamoja, mtihani kwa mtihani, mpaka tukafika mkanda mweusi siku moja. Nilikuwa nikimwita pacha. Mamake alipofariki, mimi ndiye niliyesimama naye mlangoni kupokea wageni, kwa sababu dada zake walikuwa bado njiani kutoka magharibi mwa nchi.

Chama chetu kilinikabidhi darasa la akina mama, Jumamosi saa nane mchana. Siwezi kueleza vizuri darasa lile lilikuwa nini kwangu. Kibanda cha nafaka nilikirithi kwa shangazi. Watoto niliwapata kwa kuolewa. Lakini kusimama mbele ya wanawake ishirini, wengine wamefunga hijabu chini ya kola ya gi, wengine wamekuja moja kwa moja kutoka kiwandani, wote wakisema “Mwalimu” na kungoja neno langu, hicho nilikipata kwa jasho langu mwenyewe. Nilikipenda kuliko chochote, na kila mtu aliyenijua alijua hivyo.

Kati ya wanawake hao kulikuwa na mmoja wa mtaa wa Kware aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha plastiki, zamu ya alfajiri. Jumamosi moja alikuja amefunga leso shingoni na hakutaka kuivua. Nilidhani ni baridi. Baada ya darasa akabaki, akaifungua, nikaona alama za vidole.

“Mtu alinishika kutoka nyuma, Mwalimu,” akasema. “Sikupata nafasi ya kusimama. Aliniangusha tu, na huko chini sikujua nifanye nini. Ni mbwa walibweka ndio akakimbia.”

Nilikuwa nimemfundisha miaka miwili. Miaka miwili ya kusimama: mguu wa mbele hivi, goti hivi, ngumi kiunoni. Hakuna hata siku moja niliyomfundisha cha kufanya akiwa amelala chali na mtu mzito juu yake, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua. Karate yetu ya jadi haianguki. Tulikuwa tukisema hivyo kwa majivuno. Nilisikia aibu iliyonifanya nishindwe kula siku hiyo, na mimi si mtu wa kushindwa kula.

Ndiyo maana nikaanzisha kile kikundi. Sikukiita klabu wala sikukipa jina. Juu ya jengo letu, paani, kuna sehemu ya kuanika nguo, pana, yenye ukuta unaofika kifuani, na mlinzi wa jengo alikubali tuitumie Jumapili watu wakishatoka kanisani, mradi tusiguse shuka za wapangaji. Tulitandika mazulia makuukuu na magodoro mawili ya sponji. Shemasi mmoja wa kanisa jirani, ambaye ujanani alicheza judo, alikubali kutufundisha kuanguka na kushikana. Mama mmoja wa chapati, bondia wa zamani mwenye kiwiko kisichonyooka, alikubali kutufundisha ngumi za karibu. Mimi nilileta mateke yangu. Kila mmoja alifundisha na kila mmoja alifundishwa. Nilipenda kuwa mwanafunzi tena.

Lakini kabla ya hayo yote niliomba ruhusa. Nataka hili lijulikane. Chama chetu kina desturi kwamba mwenye mkanda mweusi hafundishi nje bila Sensei kukubali, na desturi hiyo niliiheshimu. Siku hiyo tulikuwa watatu tu ukumbini: Sensei akikunja gi yake, mimi, na pacha wangu aliyekuwa akipiga deki. Nilisimama wima, nikainama.

“Sensei, naomba kuanza mazoezi ya Jumapili kule kwetu, nje ya chama. Kuanguka, kushikana, ngumi kidogo. Ni ya hawa akina mama. Wanashambuliwa na wanaangushwa, na sisi hatujawafundisha chini.”

Sensei alikunja mkono mmoja wa gi, akakunja wa pili. Akaniangalia. Akasema, “Osu.” Kisha akachukua begi lake akatoka.

Pacha alitupa kitambaa kwenye ndoo akaja mbio. “Umeona? Mzee amekubali! Na vile huwa mgumu!” Tukagonga mikono. Yeye ndiye aliyesema neno kukubali kabla yangu. Nimelirudia hilo akilini mara nyingi sana, pengine kuliko inavyofaa.

Jumapili ya kwanza alikuja. Ya pili akaja na fremu ya chuma aliyoichomelea mwenyewe ya kuning'inizia gunia la kupiga, akaipandisha ghorofa sita begani huku akilaani waliojenga ngazi. Alikuwa mwanafunzi mzuri wa shemasi kuliko sisi wote. Yule mama wa Kware alijifunza kujiviringisha, kushika mkono unaomkaba na kuugeuza, na siku aliyofanikiwa kumtoa pacha juu yake, tulipiga vigelegele hadi wapangaji wakapanda kuona kuna harusi gani. Tulikuwa na furaha pale juu, na shuka za watu zikipepea. Miezi mitano hivi.

Kisha nikapata ujumbe kwenye simu kutoka kwa katibu wa chama. Jumamosi, baada ya darasa, kuna kikao, nihudhurie nikiwa nimevaa gi. Sikuogopa. Nilidhani wanataka kuniuliza habari za kikundi, labda wakione, labda hata wakisaidie. Nilivaa gi safi, nikaipiga pasi. Nikikumbuka ile pasi najihurumia.

Wakubwa wa chama walikuwa wamepiga magoti kwa mstari, Sensei katikati. Pacha wangu alikuwa amepiga magoti upande wao. Niliona hivyo nikafikiri ni kwa sababu upande wangu kulikuwa na maji ya deki.

Katibu alisoma. Kwamba nimefungua klabu yangu. Kwamba nachukua wanafunzi wa chama na kuwachanganyia karate na vitu vya mitaani. Kwamba sikupewa ruhusa.

“Niliomba,” nikasema. “Sensei, nilikuomba hapa hapa.”

“Uliniomba,” akasema Sensei. “Nikasema nini?”

“Ulisema osu.”

“Nilisema osu. Na hiyo ni ruhusa?”

Nikamwelekea pacha. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nilimwona kama mtu anavyoiona stakabadhi aliyoitunza vizuri. Nikasema, “Yeye alikuwepo. Muulizeni.”

Sensei akamuuliza. “Wewe ulikuwepo. Nilimkubalia?”

Pacha hakuniangalia. Aliangalia mikono yake juu ya mapaja, akajibu kwa ile sauti nzuri ya mtihani, wazi, bila kusitasita.

“Ulisema osu, Sensei. Na yeye mwenyewe ndiye huwafundisha wale wapya, kila mara. Anawaambia osu si ndiyo. Anawaambia ukisema osu umesema nimesikia, basi. Hayo ni maneno yake. Nimemsikia zaidi ya mara moja.”

Yalikuwa maneno yangu. Hilo ndilo lililonimaliza. Kila mwanamke aliyeingia darasani kwangu nilimwambia hivyo siku ya kwanza, kwa sababu wengi walitoka kwenye nyumba ambamo kuitikia ni kukubali, na nilitaka wawe na neno moja la kuitikia ambalo haliwafungi. Nililitengeneza kwa ajili yao. Yeye alikuwa amekaa pembeni akinisubiri darasani tuende nyumbani, akisikiliza, na akaliweka akiba.

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema ni nani aliyeruka na kugonga mikono, na ni nani aliyechomelea fremu. Badala yake sauti ilitoka kali kama ninapogombana na mtu anayepima vibaya maharagwe: “Kwa hiyo wewe Jumapili ulikuwa unakuja kufanya nini?”

“Kuangalia,” akasema. “Kwa niaba ya chama.”

Mmoja wa wakubwa akatikisa kichwa kukubali, kidogo tu, na nikaelewa kwamba habari za kila Jumapili zilikuwa zikifika ukumbini kabla yangu. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga. Nimempiga mara nyingi maishani mwangu, kwa mazoezi, na sikuwahi kutamani iumize mpaka siku ile.

Sensei alitamka uamuzi. Jina langu linatoka kwenye orodha ya chama na mkanda hautambuliwi tena. Darasa la akina mama linachukuliwa na pacha wangu, kuanzia Jumamosi inayofuata. Wale watakaoendelea kupanda paani hawatafanya mtihani. Kisha akaniomba ufunguo wa kabati la ukumbi. Nilipoingiza mkono mfukoni mwa begi nikaona pacha akianza kutoa ufunguo kwenye begi lake, kisha akaurudisha. Alikuwa nao tayari. Wa kwake ulikuwa mpya, unang'aa, umechongwa siku nyingi kabla ya mimi kuulizwa chochote.

Jumapili iliyofuata tulikuwa watatu kule juu: mimi, shemasi na mama wa chapati. Wanawake hawakuja, na siwalaumu. Wengine walikuwa wamebakiza mtihani mmoja tu wafike mkanda wa kahawia. Yule wa Kware alinipigia simu akalia, akasema yeye angekuja, ila amebadilishiwa zamu. Nilimwambia haidhuru. Tulianguka anguka kidogo, wazee watatu, kisha mama wa chapati akasema kiwiko kinamsumbua, tukakunja mazulia.

Sikuwahi kumtukana pacha mbele ya watu. Nyumbani nilimtukana sana. Watoto wangu walijifunza maneno mapya. Nilichoshindwa ni kuacha kumsimulia mambo: kitu cha kuchekesha kinatokea sokoni, kabla sijafikiri naanza kukipanga kichwani vile nitakavyomwambia, halafu nakumbuka. Hasira nilikuwa nimeitarajia. Hili la pili hapana.

Mwezi uliopita alikuja kibandani. Ilikuwa asubuhi, nikipepeta ndengu. Alisimama pale wanaposimama wateja.

“Niaje, mathe?”

“Poa.”

“Biashara?”

“Inasukumika.”

Akazunguka zunguka, akashika maharagwe, akayaachilia. Hatimaye akasema chama kimebadilika mawazo. Kwamba wanawake walikuwa wakiuliza kila Jumamosi kuhusu kuanguka na kushikana, na Sensei ameona kuna maana. Chama kinaanza darasa lake la mchanganyiko, Jumapili, pale ukumbini. Yeye ndiye ataliongoza, na amemwomba shemasi aje, naye amekubali.

“Na wewe tunakutaka,” akasema. “Si uongo. Nimekuongelea mimi mwenyewe. Sensei amesema urudi.”

Niseme ukweli: nilifurahi. Nilifurahi haraka sana, mpaka nikajionea aibu, na ungo ukaniinamia nikamwaga ndengu. Nilikuwa nimejiambia miezi yote kwamba hata wakija kwa magoti sitarudi. Hawakuja kwa magoti. Alikuja mmoja, amesimama, na mimi tayari nilikuwa nikijiuliza kama gi bado inanitosha.

“Nitasimama wapi?” nikauliza.

“Si unajua utaratibu,” akasema kwa upole. “Mtu akitolewa kwenye orodha, akirudi anaingia kama mpya. Ni muda tu. Kwa vile ulivyo, utapanda haraka.”

Akafungua begi lake, akatoa mkanda mweupe, mpya, bado una lebo. Sijui kwa nini niliupokea. Niliuzungusha kiunoni juu ya aproni, mara mbili, nikaufunga, labda kwa sababu mikono ilizoea. Ncha zote mbili zilishuka sawasawa, urefu ule ule ninaoupenda, na hakuwa ameniuliza saizi.

“Umekutosha,” akasema pacha wangu, na alikuwa amefurahi kweli.