Hina kwenye Mkono Wenye Chunjua

Moshi wa maganda ya korosho hauna adabu. Unaingia machoni, kooni na kwenye nguo zilizoanikwa, na hata leo nikiusikia, mkono wangu wa kulia hujikunja wenyewe. Nilikulia kwa Bibi, kule Mtua, na msimu wa korosho nilioota chunjua ndio mama mdogo Somoe, bintiye wa mwisho, alikuwa anaolewa Ruangwa. Nilichaguliwa kukaa naye siku ya hina na kupakwa kama yeye, nikatamba kijiji kizima. Kisha vile vinundu vigumu vikaanza kuota vidoleni mpaka mkono ukafanana na ganda la stafeli. Shuleni walisema nimeshika vyura, na kwenye michezo ya duara wakawa wananishika nguo badala ya kiganja. Hayo niliyavumilia. Lakini Bi Hadija, aliyekuwa mpakaji wa hina, aliposema hawezi kuugusa mkono ule kisha akaenda kumgusa bibi harusi, nililia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Bibi hakuweza kuona mjukuu analia akakaa kimya. Kwetu kila anayebangua korosho anajua jinsi mafuta ya ganda yanavyobabua ngozi, naye akaona kama yanaweza ngozi nzima, chunjua itayashindaje? Alipasua ganda bichi, akachovya kijiti, akaigusa ile kubwa iliyo karibu na kidole gumba. "Vumilia, mama. Kesho utaamka na mkono wa bibi harusi." Niliamka na lengelenge kubwa kuliko chunjua yenyewe, na chunjua ikiwa palepale katikati, imenona. Nadhani Bibi alitaka kucheka, ila aliyaogopa macho yangu.

Tukaenda zahanati. Nesi alisafisha kidonda, akafunga bandeji, akaeleza kwamba chunjua huletwa na virusi. Bibi aliruka kwenye benchi, maana miaka ile neno hilo tulilijua kwa ugonjwa mmoja tu. "Mwanangu, katoto haka?" Nesi akamshika bega. "Bibi, virusi viko vya aina nyingi. Hivi vya chunjua havimuui mtu, na chunjua zitaondoka zenyewe. Ila usimchome tena." Nilitoka pale nimefurahi kutokufa, lakini hina bado sikuwa nayo.

Siku yenyewe nilijificha nyuma ya mlango wa chumba cha bibi harusi, mkono nimeufunika na kanga. Mama mdogo akaniita, akauweka mkono wangu juu ya paja lake mbele ya wanawake wote. "Bi Hadija, anza na huyu. Usipompaka, na mimi naolewa mikono mitupu." Bi Hadija akashusha pumzi. Akachora ua kubwa kuzunguka bandeji, na siku nzima nilitembea nimetanua vidole, sikubali hata kushika sahani. Sikumbuki chunjua ziliondoka lini. Nilitazama tu siku moja, hazipo, limebaki kovu la mafuta ya korosho.

Sasa naishi Nachingwea mjini, na mwaka huu binti yangu amechanjwa shuleni kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Virusi vinavyoileta ni vya ukoo mmoja na vile vya chunjua zangu, ila hivi ndivyo vibaya vya ukoo. Mama mdogo anavijua. Alipokwenda kupimwa walikuta dalili za mwanzo, wakazitibu mapema. Niliogopa sana kumpoteza. Leo ni mzima, na kelele zake ni zilezile. Siku ya chanjo alikuja na bodaboda kutoka Ruangwa, hina mkobani, akamkuta binti yangu analalamikia bega. Nilimtazama mtoto yule, amekingwa kabla ya kuugua, nikakumbuka Bibi na kijiti chake na mapenzi yake yote, nikafurahi kwamba zamu hii mapenzi yamepata dawa ya kufanyia kazi.

Mama mdogo alipomaliza kumpaka mtoto, alinigeukia. "Lete na wako." Akauweka mkono wangu juu ya paja lake, akalitafuta kovu kwa kidole, akaanza kuchora ua kulizunguka.