Mama Mkwe Kwenye Marejea

Bwana shamba alipofika Gorong'a na mbegu za marejea, nilizipokea kwa mikono miwili. Shamba langu lilikuwa limechoka. Mahindi yalikuwa yanaishia magotini, na bunzi lina punje za kuhesabu kama meno ya babu. Akanieleza: panda marejea peke yake, yaache yasitawi, na kabla hayajachanua uyafukie yote, majani na mashina. Yakioza ndiyo mbolea yenyewe. Shamba nilikuwa nalo hilo moja tu, na watoto hawaulizi kama ardhi imechoka. Nikapanda.

Yakaota mpaka kiunoni, kijani tupu. Kila asubuhi nilikuwa naenda kuyaangalia, mikono nyuma kama mkaguzi. Wakati huohuo mke wangu akajifungua, tena kwa shida, na mama yake akavuka mpaka pale Sirari kuja kumuuguza.

Sasa, kwetu Wakurya mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hampeani mkono, hamli pamoja, akija njia hii wewe unaingia majanini. Mke wangu ni Mjaluo wa upande wa Kenya, na kwao heshima ni hiyohiyo, kwa hiyo hapakuwa na wa kulegeza kamba. Mama mkwe alifikia nyumba ya mama yangu. Mimi nikawa nakohoa kila ninapokata kona.

Siku alipoliona shamba langu nilisikia kigelegele. Nikadhani mtoto kacheka.

"Mitoo!" alikuwa anamwambia mama yangu. "Shamba zima la mitoo!"

Kumbe kwao ile ni mboga, tena ya heshima. Inachemshwa, inaungwa na maziwa ili uchungu upungue, inalala chunguni, kesho yake ndiyo imekolea. Kuanzia hapo kila asubuhi yuko shambani na kikapu, anakata vichwa vya marejea yangu. Jamani, mbolea inaliwa na ugali!

Ningefanya nini? Kumkataza siwezi, kumkaribia siwezi. Nikamwomba mke wangu aseme naye.

"Mimi?" alisema, amelala, bakuli tupu pembeni. "Nimwambie mama yangu unamnyima mboga? Mwambie mwenyewe."

Kwa mama yangu ndiyo usiseme, maana yeye alikuwa ameshaanza kuongeza sahani ya pili. Nilikasirika kwelikweli. Nikaila ile mboga kwa hasira, ikawa tamu, na hilo likaniudhi zaidi.

Asubuhi moja niliamua kumtangulia nikaangalie hasara. Nikiwa katikati ya shamba nikasikia anakuja, anaimba. Njia ya kutokea ni moja, na yeye ndiye aliyekuwa ndani yake. Nikachuchumaa.

Akaanza kuchuma upande uleule. Chap, chap, chap. Kila akikata, mwanga unaongezeka. Tawi lililoficha bega langu likaenda kikapuni, kisha la sikio. Nikavua kofia, hata sijui kwa nini. Miguu ikafa ganzi. Nikamwomba Mungu, na wazee wa ukoo nao nikawagusia, maana hali ilikuwa mbaya.

Akasimama. Ukingoni nilikuwa nimefunga mbuzi. Mama mkwe akamgeukia yule mbuzi, mimi akanipa mgongo, kama desturi inavyotaka.

"Wewe mbuzi," alisema, "mwambie mwenye shamba nimesikia manung'uniko yake. Mwambie mitoo ukiikata kichwa inatoa matawi. Atakuwa na ya kufukia mpaka achoke."

Mbuzi akaendelea kutafuna.

"Tena umwambie hivi. Shamba lake limechoka, sawa. Na binti yangu amechoka. Amemwaga damu nyingi, na maziwa ya mtoto ndiyo kwanza yanaanza kutoka. Muulize, alitaka nianze na yupi?"

Moyo uliniuma. Nilikuwa nimeliona lile bakuli tupu kila siku, na sikuwahi kujiuliza nani alikuwa analimaliza. Kujibu, desturi hainiruhusu. Nikaanza kukata vile vichwa vilivyobaki vikinificha, kimoja kimoja, macho chini. Nikavirundika, nikavisukuma taratibu mpaka karibu na kikapu.

Akavipekua.

"Mbuzi," alisema, "asante. Lakini mwambie achague majani machanga."