Ufunguo wa Stoo ya Mafuta

Eliya Sumari hakuamini chombo chochote kilichofungwa na mtu mwingine. Chai ya kantini aliinusa kwanza. Maji ya chupa aliyainua juani akayakagua. Na mafuta ya mashine, yale yanayoletwa kwenye mapipa yenye lakiri, ndiyo aliyoyatilia shaka kuliko yote.

Kuyatunza ndiyo ilikuwa kazi yake, katika kiwanda cha kreti za plastiki jirani na Njiro. Mashine za pale hukaza na kusukuma kwa nguvu ya mafuta. Yakiingia uchafu, vali hukwama, na mashine kubwa kama basi hugoma. Kwa hiyo Eliya aliyalaza mapipa ubavu chini ya paa, mvua isije ikatuama juu ya vifuniko. Hata mafuta mapya aliyachuja kabla ya kuyamimina tangini, kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, kama mama yake alivyochuja pombe ya ndizi kule mlimani. Mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, hanywi. Lakini kuchuja alikujua. Miaka tisa ufunguo wa stoo ulining'inia kiunoni mwake.

Mwaka huu ikaja mashine mpya, yenye vali nyembamba kuliko za wenzake. Ikaanza kukwama, mara tatu kwa mwezi. Diana, fundi aliyetoka chuoni juzijuzi, binti wa Daraja Mbili, akaja na kipampu cha mkono, karatasi nyeupe ya duara na lenzi.

"Shikamoo mzee. Naomba mafuta kidogo ya tangini, niyapime."

"Marahaba. Unapima nini, binti? Hayo nimeyachuja mwenyewe."

"Ndiyo maana naanza nayo. Nikiyakuta safi, nahamia kwenye pampu."

Sankale, mwendesha mashine, akacheka. "Mzee Sumari, leo unapimwa kama mjamzito kliniki."

"Apime. Akikuta uchafu kwenye mafuta yangu, ufunguo huu ni wake." Akalisema hilo mbele ya zamu nzima.

Diana akayavuta mafuta yapite kwenye karatasi, akaisuuza, akainamia lenzi. Aliinama muda mrefu.

"Si mchanga," akasema. "Wala si chuma. Ni nyuzi, za zambarau na njano. Labda za magunia."

"Magunia ya zambarau?" Sankale akauliza. "Wewe umeyaona wapi?"

Eliya akaomba lenzi. Nyuzi zile alizijua. Ni kanga ya Tabea, mkewe, aliyoichukua kambani nyumbani Maji ya Chai baada ya Krismasi, kitambaa cha zamani kilipochakaa. Ilikuwa imefuliwa, inanukia sabuni. Kumbe kila alipochuja, kanga iliacha nyuzi zake ndani ya mafuta. Mashine kuukuu zilizimeza kimya kimya; hii mpya ilikabwa.

Hakuna mwingine aliyejua. Kanga ilikuwa stoo, ndani ya ndoo, na ufunguo alikuwa nao yeye. Angenyamaza tu, Diana angehangaika na magunia hadi Pasaka, na mashine ingeendelea kukwama.

Akaenda stoo, akarudi nayo. "Ni hii."

Sankale akaikunjua: zambarau na njano.

"Ni safi, mzee," Diana akasema taratibu. "Ila pamba hata ikiwa safi inatoa nyuzi. Tutatumia filta yenye pampu yake."

"Kwa hiyo kuchuja sikukosea."

"Hukukosea. Ulikosea chujio."

Mzee akaufungua ufunguo kiunoni. Diana akarudisha mikono nyuma, hataki. Eliya akauweka mezani kando ya lenzi, akaenda zake.

Jioni Tabea aliikunjua kanga yake, yote madoa. "Na mimi tangu Januari sisalimiani na wifi Kandida, nikijua yeye ndiye aliyeianua."

"Tutaenda kwake kesho."

"Utaenda wewe. Na mkungu wa ndizi."

Alikwenda. Mashine mpya nayo haijakwama tena. Kila asubuhi Eliya hubisha hodi kwenye stoo aliyozoea kuifungua mwenyewe.

"Shikamoo mzee," Diana humwambia. "Mikono, nione kama ni safi."

"Marahaba." Huinyoosha, viganja juu, kisha chini. Halafu naye huomba kuiona ya Diana.